Fundi Konde: Mpwani aliyeutia umeme wimbo wa Kiswahili

MKOKONI ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu. Jina lake linakumbusha mikoko iliyoufunika ufuo wa sehemu hizo, miti ambayo kwa karne nyingi ilikatwa boriti na kupakiwa majahazini kuelekea Uarabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku uuzaji wake katika nchi za nje mnamo 1982.

Mahali kama hapa si makao mema kwa gitaa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Uzi wa chuma cha pua ulio safi leo hupata kutu baada ya muda mfupi, sauti yake ikafifia na hatimaye ukakatika. Mbao nazo hunywa unyevu, zikavimba na kupinda.

Hata hivyo, zipo nyimbo za gitaa zilizoweza kufika hata katika vijiji vya aina hii vilivyokuwa mbali na barabara na mbali zaidi na nguzo za umeme. Zilisafiri ndani ya santuri, kwa jahazi au begani mwa msafiri, zikapigwa kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Miongoni mwa sauti zilizosafiri hivyo katika miaka ya 1950 ilikuwa ile ya marehemu Fundi Konde.

Hapo ndipo penye ajabu ya maisha yake. Mtu anayetajwa na wengi kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme alisikilizwa na maelfu ya watu ambao hawakuwa na umeme majumbani mwao.

CHIMBUKO

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 huko Mwabayanyundo, katika sehemu za Kilifi, Pwani ya Kenya. Alikuwa Mgiriama, lakini lugha aliyoitumia kuufikia ulimwengu ilikuwa Kiswahili.

Pwani aliyokulia haikuwa na upungufu wa muziki. Wagiriama walikuwa na ngoma zao za mazishi, za mavuno na za harusi. Katika miji ya Waswahili palikuwa na vugo, chakacha, beni na taarabu. Mnamo 1928, Konde akiwa bado mtoto mdogo, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay na kurekodi santuri zilizopendwa katika pwani nzima.

Visiwa vya Lamu vilikuwa na ala yake ya nyuzi tangu zamani, yaani kibangala. Ala hiyo huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi tumboni, na asili yake inahusishwa na Yemeni. Ngozi huipa sauti kavu na fupi, inayokatika upesi baada ya uzi kuguswa. Aidha, hewa inapokuwa na unyevu ngozi hulegea, na mpigaji hulazimika kuikausha ili sauti irejee.

Gitaa lilikuwa jambo jingine. Lilikuja na meli, mabaharia na wamishonari, likapata wenyeji Mombasa na katika miji mingine ya bandari. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, wenye muziki wa Kuba na nchi jirani zake. Vijana wa Pwani, kama wenzao wa Kongo na Afrika Magharibi, walizisikiliza santuri hizo hadi zikachakaa.

Katika mazingira hayo ndimo Konde alimoshika gitaa. Wakati huo wapigaji kama Paul Mwachupa na Lukas Tututu walikuwa wakiijenga Pwani desturi ya muziki wa dansi. Konde aliingia katika safu hiyo na baada ya muda jina lake likawa mashuhuri kuliko yote.

VITA VYAMFUNGULIA NJIA

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa katika jeshi la Mwingereza. Wengi walipelekwa Uhabeshi na Madagaska, na kuanzia 1943 na 1944 wakapelekwa Seiloni, India na Burma kupigana na Wajapani.

Jeshi lilitambua kwamba askari aliye mbali na kwao huhitaji zaidi ya bunduki na chakula. Kikaundwa kikosi cha kuwaburudisha wanajeshi, na Fundi Konde akawa mmoja wa wanamuziki waliosafiri nacho hadi Asia.

Kwa kijana wa Kigiriama aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi, safari hiyo ilikuwa chuo. Kambini alikutana na ala za kila namna, na waimbaji waliotoka Uganda, Tanganyika na Nyasa. Kadhalika, lugha iliyowaunganisha askari hao wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili. Mwanamuziki aliyetaka kueleweka na wote ilimbidi atunge kwa lugha hiyo.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, wengi wa wanamuziki hao walirudi na ujuzi ambao hawakwenda nao. Bendi za dansi zikachipuka Kampala, Mombasa na Nairobi, zikiongozwa na watu waliozoea kupiga mbele ya halaiki.

NAIROBI NA SANTURI

Konde alifuata njia ya wengi na kwenda Nairobi. Huko alishirikiana na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akisimamia wanamuziki, matangazo ya biashara na kazi ya kurekodi. Ni Colmore huyo huyo ambaye baadaye alimleta Nairobi mpigaji gitaa wa Katanga, Edouard Masengo.

Nyimbo za Konde zilitolewa na HMV, na rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 ndizo zilizomjengea jina. Miongoni mwa zilizovuma ni Tausi Ndege Wangu, Mama Sowera na Majengo Siendi Tena.

Santuri za enzi hizo zilikuwa na upana wa takriban sentimita 25 na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Kila upande ulibeba muda wa dakika tatu hivi. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaovunjika kama kigae ukiangushwa.

Muda huo mfupi ulimfundisha mtunzi adabu ya kubana maneno. Hapakuwa na nafasi ya utangulizi mrefu wala madoido yasiyo na kazi. Gitaa lilifungua mlango, beti zikaingia, gitaa likajibu, na wimbo ukafungwa kabla sindano haijafika katikati.

Konde aliimudu adabu hiyo. Mwendo wa nyimbo zake ulikuwa na harufu ya Kuba, mikono yake ilitafuta mipangilio ya sauti iliyofanana na ile ya jazi, na maneno yake yalikuwa Kiswahili cha Pwani, chepesi na chenye mafumbo ya mapenzi na maisha ya mjini.

UMEME KATIKA NYUZI

Ili kuelewa uzito wa hatua aliyoichukua Konde, yafaa kuelewa udhaifu wa gitaa la kawaida. Tumbo lake la mbao hukuza sauti ya nyuzi kwa kiasi kidogo tu. Katika chumba hilo latosha. Katika ukumbi wenye ngoma, tarumbeta na miguu ya wachezaji mia, gitaa hilo humezwa. Hivyo kwa miaka mingi mpigaji gitaa katika bendi kubwa alikuwa mtu wa kushika mwendo tu.

Gitaa la umeme lilitatua tatizo hilo kwa njia ya sumaku. Chini ya nyuzi huwekwa vijisumaku vilivyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzalisha ndani ya waya umeme mdogo unaotikisika kwa mwendo ule ule. Umeme huo hupelekwa kwenye mashine ya kuukuza na hatimaye hutokea kwenye spika kama sauti.

Ndiyo sababu gitaa la aina hiyo halikubali uzi wa utumbo wa mnyama wala wa nailoni, kwani sumaku haiuoni. Huhitaji chuma au nikeli. Mvuvi wa Mkokoni anaweza kuufunga mshipi wake wa kuvulia kwenye gitaa la kawaida ukalia, lakini kwenye gitaa la umeme mshipi huo hubaki bubu.

Chombo hicho kilianza kuuzwa Marekani mapema katika miaka ya 1930. Mwaka wa 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lililoitwa ES-150, na kijana Charlie Christian akalitumia kuthibitisha kwamba gitaa laweza kusimama mbele ya bendi na kuzungumza kama tarumbeta.

Magitaa ya wakati huo yalikuwa na umbo ambalo leo wakusanyaji hulitafuta kwa udi na uvumba. Yalikuwa na tumbo kubwa lenye uwazi ndani, uso uliopinda kama fidla, matundu mawili yenye umbo la herufi f, na rangi ya hudhurungi iliyokolea kingoni na kung'aa katikati mithili ya jua la magharibi. Mashine za kukuza sauti zilitumia taa za kioo zilizohitaji kupata joto kabla ya kutoa mlio, nazo zililainisha ukali wa sauti na kuipa unene.

Katika Kenya ya wakati ule, ambako Mwafrika mwenye umeme nyumbani alikuwa wa kuhesabika, kupiga chombo cha namna hiyo kulihitaji mambo matatu kwa pamoja: pesa au mfadhili, studio yenye umeme, na ujasiri wa kujifunza jambo ambalo halikuwa na mwalimu. Konde aliyapata yote matatu.

Mabadiliko hayakuwa ya ukubwa wa sauti peke yake. Gitaa lisilo na umeme humlazimu mpigaji kuzikwaruza nyuzi kwa nguvu ili asikike. Lenye umeme humruhusu agusse kidogo na noti ikadumu. Yule aliyekuwa akishindana na ngoma sasa aliweza kunong'ona, na mnong'ono wake ukasikika hadi mlangoni.

SUALA LA BESI

Jambo jingine lilibaki. Sauti nzito ya chini katika bendi za dansi ilitoka kwa besi kubwa ya mbao iliyosimamishwa sakafuni, yenye kimo cha mtu mzima. Ilikuwa taabu kuisafirisha, na katika ukumbi wenye kelele ilisikika kama ngurumo ya mbali.

Mwaka wa 1951 fundi wa redio wa California, Leo Fender, alitoa gitaa la besi la umeme alilolipa jina Precision. Lilikuwa na nyuzi nne nene, zenye urefu wa sentimita 86 hivi kutoka daraja hadi shingoni juu, na liliangikwa begani kama gitaa la kawaida. Uzi wake mnene kuliko yote hutikisika mara 41 kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida.

Mtetemo wa chini kiasi hicho haukuweza kutolewa sawasawa na gramafoni ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Msikilizaji wa kijijini aliipata sauti ya mwimbaji na ya gitaa, lakini sehemu kubwa ya besi ilibaki katika mifereji ya santuri bila kusikika. Hivyo nyimbo za Konde zilijengwa katika zama ambazo gitaa la juu na sauti ya mtu ndivyo vilivyobeba mzigo.

Besi ya umeme ilipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, pamoja na redio za transista na santuri ndogo za mizunguko 45, masikio ya watu yalibadilika. Wachezaji walizoea kuusikia mguu wa wimbo kifuani, na wakaudai.

FUNDI KWELI

Jina Fundi lilimfaa. Mbali na kuimba na kucharaza gitaa, Konde alifanya kazi ya ufundi wa mitambo katika kurekodi, akawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo nchini kuaminiwa kazi hiyo.

Kurekodi wakati huo hakukuruhusu marekebisho mengi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mara nyingi mbele ya kipaza sauti kimoja au vichache. Fundi hakuwa na vitufe vya kupandisha ala moja na kushusha nyingine baadaye. Alipanga uwiano kwa kuwasogeza watu: mwimbaji mbele, ngoma nyuma kabisa, mwenye gitaa mahali pa kati. Aliyekosea noti aliwalazimu wote kuanza upya.

Kazi hiyo ilimweka Konde pande zote mbili za kioo. Alijua mwimbaji anataka nini, na alijua pia mashine inaweza kubeba nini. Huenda ndiyo sababu rekodi zake zina utulivu na nafasi. Kila ala ina mahali pake, wala hakuna inayomkanyaga mwenzake.

KIMYA

Kilele cha msanii huyo hakikudumu. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amejiondoa jukwaani, wakati ambapo nchi ilikuwa ikiingia katika uhuru na kizazi kipya kikishika usukani. Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao wa kampuni ya Equator walikuwa wakiwarusha watu kwa twisti, na wanamuziki kutoka Kongo walikuwa wakimiminika Nairobi na magitaa matatu au manne kwa bendi moja.

Waliokuwa wamefungua njia walianza kusahauliwa. Santuri za shelaki zilivunjika, zilitupwa au zilikosa mashine ya kuzipigia. Mwanamuziki wa zama hizo, kwa kawaida, alilipwa mara moja siku ya kurekodi na hakupata kitu kila nakala ilipouzwa. Wimbo ungeweza kuvuma miaka kumi, naye mtunzi asione manufaa yake.

Nyimbo za Konde, hata hivyo, hazikufa. Redio iliendelea kuzipiga katika vipindi vya zilizopendwa, na vijana waliozaliwa baada ya yeye kuacha muziki walizijua bila ya kumjua.

KURUDI

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kwa Konde tuzo hilo lilichelewa kwa karibu miaka thelathini. Mapema katika miaka ya 1990 bendi ya Them Mushrooms ilimwendea mzee huyo na kurekodi naye upya nyimbo zake.

Uhusiano huo ulikuwa na mantiki yake. Them Mushrooms iliundwa mwaka wa 1972 huko Mombasa na ilikuwa na mizizi ya Pwani kama yeye. Ilikuwa imejipatia sifa kote duniani kwa wimbo Jambo Bwana wa 1982. Vijana hao walikuwa na vyombo vya kisasa, besi ya umeme na studio yenye nyimbo nyingi za sauti sambamba. Mzee alikuwa na tungo.

Matokeo yake yalikuwa kwamba nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya santuri ya dakika tatu zilipata mguu wa besi ambao gramafoni za awali hazingeweza kuutoa. Watu waliozisikia zamani katika redio za wazazi wao walizicheza tena harusini na hotelini.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ilikusanya rekodi za Konde za 1947 hadi 1956 na kuzitoa kwa diski. Sauti iliyokuwa hatarini kupotea pamoja na shelaki ikapata makao mapya.

Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000, akiwa na umri wa miaka 75 hivi. Fadhili William alimfuata Februari 2001, na Daudi Kabaka Novemba mwaka huo huo. Katika muda usiofika miaka miwili, Kenya ilikuwa imewapoteza watu watatu waliouweka msingi wa muziki wake wa gitaa kwa Kiswahili.

URITHI NA HAKI

Thamani ya urithi wa Konde si jambo la kumbukumbu tu, bali pia la sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda utungo wa muziki kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, tungo za Konde zinalindwa hadi mwisho wa 2050.

Rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Zile za 1956 ziliishiwa na ulinzi huo mwisho wa 2006. Kwa hivyo anayeipiga santuri ya zamani na anayeuimba upya wimbo ule ule hawako sawa mbele ya sheria. Bendi ya hoteli inayoimba Tausi kwa watalii inatumia mali yenye mwenyewe, ijapokuwa wengi huidhani kuwa mali ya umma kwa sababu tu ni ya kale.

Tofauti hiyo ina uzito kwa familia za wasanii wote wa kizazi chake. Sifa haziliwi. Jina la mtunzi likitajwa kila wimbo unapopigwa, na malipo yakifika yanakostahili, ndipo msemo wa mcheza kwao unapotimia.

Leo magitaa ya miaka ya 1950 yanauzwa kwa bei za kutisha Ulaya na Marekani. Wanunuzi huchunguza rangi iliyopasuka, kutu kwenye skrubu na waya uliozungushwa kwa mkono. Wapo wanaokataa kuzibadili nyuzi kuukuu kwa kuhofia kuipoteza sauti.

Lakini kilichomfanya Fundi Konde asikike hadi ufuo wa mikoko hakikuwa rangi ya gitaa wala umri wa nyuzi. Gramafoni ya mkono haikuweza kubeba fahari ya chombo chake, wala haikuweza kuonyesha umbo lake. Ilibeba tuni, maneno na mguso wa kidole. Chumvi haikupata njia ya kuvila vitu hivyo vitatu.